Asili ya Neno "Posh": Anasa, Tabaka na Ushahidi katika Historia ya Maneno



 

Mhadhara huu unalihusu neno la Kiingereza "posh", ambalo Waingereza hulitumia kwa kitu cha kifahari na cha gharama, na vilevile kwa mtu wa tabaka la juu pamoja na namna yake ya kusema. Madhumuni yake ni matatu. Kwanza ni kueleza maana ya neno hilo kama linavyotumika kwao. Pili ni kuipima hadithi mashuhuri inayodai kuwa neno hilo lilizaliwa katika meli za abiria zilizokuwa zikienda India. Tatu ni kufuata ushahidi ulioandikwa, kisha kutazama funzo ambalo wachunguzi wa Kiswahili wanaweza kulichukua. Dai kuu linalotetewa hapa ni kwamba neno hili la anasa halikuzaliwa katika anasa: nyayo zake za kale zinaonekana katika vinywa vya wahuni wa mjini na askari wa kawaida, na hadithi inayolipa asili ya kitajiri imeenea kwa kuwa inapendeza, wala si kwa kuwa imethibitishwa.

Hoja ya kwanza: "Posh" ni neno la tabaka kabla ya kuwa neno la starehe

Kiingereza kina maneno mengi ya anasa, na mojawapo kati ya yale yanayotumika sana ni "luxury", lililotoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa cha kale. Katika Kiingereza cha Zama za Kati neno hilo lilikuwa na maana ya tamaa ya mwili, na wahubiri walilitaja katika orodha ya dhambi saba kuu. Ilipofika karne ya 17 ndipo lilipoanza kuelekea maana ya leo ya vitu vizuri vinavyozidi mahitaji ya lazima. Kwa hiyo neno hilo lilianza likiwa shutuma ya kidini, likalainika kadiri biashara na utajiri vilivyokua.

Neno "posh" halina historia ya namna hiyo. Halijawahi kumshutumu mtu kwa dhambi, lakini mara nyingi humshutumu kwa tabaka lake. Matumizi yake yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu na mahali: hoteli, mkahawa, mtaa au vazi huitwa hivyo likiwa la gharama na la mtindo wa watu wenye nafasi. Fungu la pili ni la matamshi: Mwingereza anayetamka irabu ya neno "bath" kwa kuirefusha, kama wafanyavyo watu wengi wa kusini mwa nchi hiyo, anaweza kuambiwa na mtu wa kaskazini kuwa ana sauti ya "posh", hata kama mfukoni hana kitu. Fungu la tatu ni la watu wenyewe, na hapa ndipo neno linapokuwa na makali.

Mfano mmoja wa karibu unatosha kuyaonyesha makali hayo. Mwaka 2012 Nadine Dorries, mbunge wa chama cha Conservative, aliwaelezea Waziri Mkuu David Cameron na Waziri wa Fedha George Osborne, ambao walikuwa viongozi wa chama chake mwenyewe, kuwa ni vijana wa "posh" wasiojua bei ya maziwa. Hakuwa akisema tu kwamba ni matajiri, kwa maana Uingereza ina matajiri wengi wanaoijua bei ya maziwa vizuri sana. Alikuwa akisema kwamba malezi yao yamewatenga na maisha ya watu wanaowaongoza. Neno moja lilibeba fedha, shule, lafudhi na umbali wa kijamii kwa pamoja. Wasikilizaji wanaombwa kulishika jambo hili, kwa sababu ndilo litakaloeleza baadaye kwa nini hadithi ya meli imekuwa na nguvu.

Hoja ya pili: Hadithi ya meli inajulikana, lakini hati zake hazipo

Hadithi yenyewe ni hii. Katika enzi ya ukoloni wa Waingereza nchini India, maofisa na wafanyabiashara walisafiri kwa meli za Kampuni ya Peninsular and Oriental, ijulikanayo kwa kifupi kama P&O, iliyoanzishwa mwaka 1837. Inasimuliwa kuwa abiria wenye fedha walilipa zaidi ili wapate vyumba vya upande wa kushoto wa meli wakati wa kwenda na vya upande wa kulia wakati wa kurudi, ili waliepuke jua. Kwa Kiingereza cha mabaharia upande wa kushoto ni "port" na wa kulia ni "starboard", hivyo tiketi zao ziligongwa muhuri wa herufi P.O.S.H., yaani "Port Out, Starboard Home". Kutokana na muhuri huo, inasemwa, kila kitu cha kifahari kikaja kuitwa "posh".

Hadithi ina kila kitu kinachoifanya ikumbukwe: bahari, jua, ufalme, fedha na siri iliyofichwa ndani ya herufi nne. Ina upungufu mmoja tu, nao ni mkubwa: hakuna tiketi hata moja yenye muhuri huo iliyowahi kuonyeshwa. Kampuni ya P&O ilisafirisha abiria kwa makumi ya miaka, na karatasi nyingi za safari zake zimehifadhiwa, zikiwamo tiketi, matangazo, orodha za nauli na ramani za vyumba. Watafiti wamezipekua wasiione alama hiyo, na kampuni yenyewe haikuwa na kumbukumbu ya utaratibu wa namna hiyo. Mwaka 1971 mtafiti George Chowdharay-Best alichapisha uchunguzi wake kuhusu suala hili katika jarida la historia ya bahari, The Mariner's Mirror, naye hakupata ushahidi wa kuiunga mkono hadithi.

Tarehe ya hadithi yenyewe ina uzito pia. Maelezo ya herufi nne hayaonekani katika maandishi ya karne ya 19, wakati ambapo tiketi hizo zingekuwa zikitumika. Yanajitokeza mwaka 1935, katika barua ya msomaji iliyochapishwa na gazeti la fasihi la London, The Times Literary Supplement, miaka 2 baada ya nyongeza ya Kamusi ya Kiingereza ya Oxford kulieleza neno hilo kuwa asili yake haijulikani. Wakati huo neno lilikuwa limekwisha kutumiwa kwa miaka 20 na zaidi bila ya mtu kuona haja ya kulihusisha na meli. Baadaye filamu ya mwaka 1968, Chitty Chitty Bang Bang, ilikuwa na wimbo uliojengwa juu ya maelezo hayo, na hadithi ikaingia majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kusoma gazeti la fasihi.

Kuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya mtaani methali hiyo ina hekima yake, lakini katika etimolojia, yaani taaluma ya kuchunguza asili na historia ya maneno, haiwezi kutegemewa, kwa sababu neno huweza kusemwa na watu milioni kuwa limetoka mahali ambapo halijawahi kufika.

Hoja ya tatu: Jua na pepo za bahari huiunga mkono hadithi kwa nusu tu

Si haki kuikataa hadithi kwa kuwa tu hati zake hazipo, bila ya kuuliza kama ingewezekana. Hapa wasikilizaji wa pwani wana faida ambayo wengi wa wanaoisimulia hadithi hii hawana, kwa sababu njia inayozungumziwa inapita katika bahari inayotawaliwa na kaskazi na kusi.

Kwanza ni jua. Meli ikitoka Suez hushuka Bahari ya Shamu ikielekea kusini, ikiegemea mashariki kidogo. Upande wake wa kushoto hutazama mashariki na kupata jua la asubuhi, na upande wa kulia hutazama magharibi na kupigwa na jua la alasiri, ambalo huziacha kuta za chuma zikiwa na joto hadi usiku. Katika kipande hiki cha safari msimulizi ana hoja, kwani chumba cha kushoto kilikuwa na nafuu wakati wa kwenda, na cha kulia wakati wa kurudi.

Mambo hubadilika baada ya Aden. Kutoka hapo hadi Bombay, mji uitwao Mumbai siku hizi, meli huelekea mashariki ikipanda kaskazini kidogo, hivyo upande wa kushoto hutazama kaskazini na wa kulia hutazama kusini. Msimulizi hudhani kuwa jua daima liko kusini, kama lilivyo kwa mtu aliyeko London. Lakini Aden iko takriban digrii 13 kaskazini mwa Ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Agosti jua la adhuhuri hupita kaskazini mwa mji huo. Katika miezi hiyo, abiria aliyelipia upande wa kaskazini akiwa jirani na Aden alikuwa amelipia upande ambao jua la mchana liliinamia.

Pili ni upepo, ambao kabla ya mashine za kupoza hewa ulikuwa muhimu kuliko kivuli. Wakati wa kaskazi upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki, na meli iendayo Bombay huupokea kwa upande wa kushoto, ilhali irudiyo Aden huupokea kwa upande wa kulia. Hapo hadithi inakubaliana na bahari. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini magharibi, na hali hupinduka: meli iendayo hupigwa upande wa kulia na irudiyo hupigwa upande wa kushoto. Kwa lugha ya mabaharia wa Kiswahili, upande wa joshini, yaani ule unaopokea upepo, haukuwa mmoja mwaka mzima. Muhuri mmoja wa kudumu kwenye tiketi usingeweza kumhakikishia abiria raha katika misimu yote miwili.

Ieleweke vizuri kwamba hoja hii haisemi kuwa hakuna abiria aliyechagua chumba kwa kuangalia jua. Wasafiri wenye uzoefu walijua upande wa kivuli na waliutaka. Kinachokosekana ni kiungo kati ya mazoea hayo na neno, na bila ya kiungo hicho ukweli wa mazoea haugeuki kuwa ukweli wa asili ya neno.

Hoja ya nne: Namna ya kuunda neno inayodaiwa ilikuwa bado haijazoeleka

Akronimu ni neno linaloundwa kwa kuunganisha herufi au silabi za mwanzo za maneno mengine, kisha likatamkwa kama neno la kawaida. Wasikilizaji wanazo nyingi: TANU, TAZARA, TAKUKURU, na UKIMWI, ambalo limeingia katika sarufi kiasi kwamba wasemaji wengi hawakumbuki tena kuwa ni kifupisho cha maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa sababu akronimu zimejaa katika maisha ya leo, mtu wa leo hukubali upesi kuwa neno lolote fupi linaweza kuwa akronimu.

Hata hivyo, desturi hii ni ya karne ya 20 zaidi. Ilipata nguvu katika vita vikuu viwili, wakati majeshi na serikali zilipohitaji majina mafupi ya idara na vifaa, na hata neno la Kiingereza linaloitaja desturi yenyewe, "acronym", lilianza kuzoeleka katika miaka ya 1940. Katika karne ya 19 maneno ya kawaida yaliyozaliwa kwa njia hiyo yalikuwa nadra mno. Ndiyo maana watunga kamusi huitilia shaka kila hadithi ya akronimu kuhusu neno lililokuwapo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hadithi ya "posh" ina ndugu zake: wapo wanaodai kuwa neno la Kiingereza la habari, "news", linatokana na herufi za pande nne za dunia, ingawa linatokana waziwazi na neno la kitu kipya. Maelezo ya namna hii huitwa etimolojia ya watu, yaani asili ambayo jamii hulitungia neno baada ya neno lenyewe kuwa limekwisha kuwapo.

Hoja ya tano: Nyayo zilizoandikwa zinaelekea mitaani na kambini

Hadithi ya herufi ikiwekwa kando, kinachobaki ni maandishi, na maandishi hayo yana mambo mengi ya kusema.

Ushahidi wa kale wa umbo hili katika msimu wa Kiingereza, yaani lugha ya kundi fulani isiyo rasmi, ni wa fedha ndogo. Kamusi ya misimu ya Albert Barrère na Charles Leland, iliyochapishwa mwaka 1889 na 1890, inalieleza "posh" kuwa ni neno la wezi lenye maana ya fedha, ambalo hapo awali lilikuwa na maana ya nusu peni au sarafu ndogo. Maana hiyo inahusishwa na lugha ya Waromani, jamii yenye asili ya kaskazini mwa India ambayo Waingereza waliiita Wajipsi. Katika lugha hiyo neno la namna hii humaanisha nusu, nao walilitumia katika majina ya sarafu. Kamusi hiyohiyo inatoa maana ya pili, ambayo ni mtanashati, mwanamume anayejipamba na kujionyesha.

Maana ya mtanashati inaungwa mkono na fasihi. Katika kitabu cha George na Weedon Grossmith, The Diary of a Nobody, kilichotoka kwanza katika jarida la Punch na kisha kuchapishwa kama kitabu mwaka 1892, yumo mhusika aitwaye Murray Posh, kijana wa fedha na mavazi ambaye utajiri wa jamaa yake umetokana na biashara ya kofia. Hata hivyo, mchunguzi anapaswa kuwa mwangalifu na majina. Mvuvi Joseph Fletcher wa Lowestoft, rafiki wa Edward FitzGerald aliyemtafsiri Omar Khayyam kwa Kiingereza, alijulikana pia kwa lakabu ya "Posh" katika miaka ya 1860, naye alikuwa mtu wa nyavu na samaki. Lakabu yake inathibitisha kuwa umbo hilo la sauti lilikuwapo, lakini haithibitishi kuwa lilikuwa na maana ya fahari.

Mwaka 1903 mwandishi P. G. Wodehouse, katika hadithi zake za maisha ya shuleni ziitwazo Tales of St Austin's, alilisifia vazi moja la kifuani kwa neno "push" katika mazungumzo yanayoutaja mji wa Cambridge. Wengine huona kuwa hilo ni "posh" lililoandikwa vibaya, wengine kuwa ni msimu mwingine wa wanachuo. Kwa vyovyote vile, mada ni ileile, nayo ni nguo.

Kisha inakuja hati iliyo wazi kuliko zote. Mwaka 1914 E. Charles Vivian alichapisha kitabu kuhusu maisha ya jeshi la Uingereza, The British Army from Within, na humo akaeleza kuwa askari wa farasi, kuliko wa miguu, hupenda kuvaa nguo za "posh" kila apatapo nafasi, akafafanua kuwa neno hilo la askari lina maana ya mavazi bora, au vitu vya kuvaa ambavyo havikutolewa na jeshi na haviendani kikamilifu na kanuni. Hapa wasikilizaji wamtazame askari huyo kwa karibu. Ana sare aliyopewa na serikali, ambayo ni sawa na ya mwenzake wa kitanda cha pili. Anataka siku ya ruhusa aonekane mtu. Basi hujinunulia kwa mshahara wake mdogo kitu kilichoshonwa vizuri zaidi, na kitu hicho ndicho anachokiita kwa neno hili. Mwanzo wa maana ya leo unaonekana hapo, kwa mtu asiye na kitu anayetafuta heshima kwa vazi.

Mwaka 1918 jarida la Punch lilichapisha kibonzo cha ofisa kijana wa jeshi la anga akimsimulia mama yake starehe aliyoipata kwa kutumia neno hilo, ishara kwamba lilikuwa limeanza kupanda kutoka kwa askari hadi kwa maofisa, na kwamba masikioni mwa wazazi lilikuwa bado geni. Mwaka 1921 meneja wa timu ya soka ya Fletton United, Pat Tirrell, alitangaza kuwa anatafuta wachezaji wa "posh" kwa timu ya "posh", na lakabu hiyo ikarithiwa na Peterborough United, klabu iliyoanzishwa mwaka 1934, ambayo mashabiki wake huiita hivyo hadi leo.

Ipo pia dhana inayolihusisha neno hili na Kiurdu, ambamo "safed-posh", kwa maana ya mvaa meupe, ni sifa ya watu wenye nafasi. Dhana hiyo inavutia kwa kuwa hati ya 1914 inahusu mavazi na jeshi la Uingereza lilikaa India muda mrefu, lakini inahitaji hati inayomwonyesha askari akiutumia usemi huo, nayo bado haijaonyeshwa. Hukumu ya haki, kwa hiyo, ni kwamba asili ya sifa hii haijathibitishwa, kwamba maana za fedha na mtanashati ndizo zenye maandishi ya kale zaidi, na kwamba njia zote zenye ushahidi zinaanzia kwa watu wa kawaida.

Hoja ya sita: Hadithi ya uongo inasema kweli kuhusu wanaoisimulia

Swali linalobaki ni kwa nini maelezo yasiyo na hati yameyashinda yenye hati kwa miongo mingi. Jibu linarudi kwenye hoja ya kwanza. Kwa kuwa neno limekuja kumaanisha tabaka la juu, wasemaji wameona ni sawa kulipa mahali pa kuzaliwa panapolingana na hadhi hiyo, yaani chumba cha daraja la kwanza. Asili ya nusu peni na wezi huonekana kuwa ni fedheha. Jamii hulitendea neno kama inavyomtendea tajiri mpya, ambaye baada ya kufanikiwa hutungiwa nasaba.

Nasaba hiyo ina gharama yake, kwa sababu huwaondoa watu wengine katika historia. Kampuni ya British India Steam Navigation, iliyoanzisha huduma ya barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872 na kuungana na P&O mwaka 1914, ilisafirisha kati ya Bombay na Afrika Mashariki abiria wengi wa sitahani, waliolala juu ya meli kwa magodoro yao. Kwao suala la kuchagua chumba halikuwapo kabisa. Hadithi ya herufi nne humfanya msikilizaji aione bahari hiyo kupitia dirisha la abiria wachache, na historia ya kweli ya neno inapofichwa, wahuni, askari na Waromani waliolilea neno nao hufichwa.

Hoja ya saba: Kiswahili kinahitaji tarehe

Funzo la kwanza kwa Kiswahili ni kwamba mfanano wa sauti hautoshi. Mtu angeweza kudai kuwa "posho" limetokana na "posh", kwa kuwa yote mawili yanagusa malipo na maisha mazuri. Tarehe inalimaliza dai hilo mara moja: wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walikwisha kuliandika "posho" wakieleza chakula cha siku walichogawiwa wapagazi wa misafara kati ya pwani na bara, ilhali sifa ya Kiingereza inaonekana katika kitabu cha mwaka 1914.

Funzo la pili ni kwamba hati zikiwapo, hata asili ya kushangaza hukubalika. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, "Carrier Corps", katika Vita Vikuu vya Kwanza, vita vilevile vilivyolieneza neno "posh" kambini. Hapa hakuna anayelazimika kuamini kwa masikio tu, kwa sababu kikosi, miaka na mahali pa kambi vinajulikana.

Funzo la tatu ni la dharura zaidi. Kiswahili nacho kina maneno ya tabaka yaliyo hai: "uzunguni", lililotokana na mpango wa miji ya kikoloni uliotenga makazi kwa rangi na baadaye likawa jina la mitaa ya wenye nacho, "kishua" na "ushuani" katika mazungumzo ya vijana wa Tanzania, na "babi" katika Sheng ya Nairobi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015 zimewahudumia wasomaji kwa maana na matumizi, na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Kazi iliyo mbele ni ya aina nyingine, nayo ni kamusi ya kihistoria, yaani ile inayoonyesha kwa kila neno mahali na mwaka lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, na jinsi maana yake ilivyogeuka.

Hitimisho

Waheshimiwa wasikilizaji, uchunguzi wa neno moja la Waingereza umeonyesha mambo matatu: kwamba neno la fahari linaweza kutoka kwa watu wasio na fahari, kwamba hadithi inayopendeza huhitaji kupimwa kwa hati, jua na upepo sawasawa na hadithi isiyopendeza, na kwamba tarehe moja iliyoandikwa ina uzito kuliko masimulizi mengi.

Zana za kazi hiyo kwa Kiswahili zipo. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na makusanyo yake pamoja na ya magazeti mengine yanaweza kupekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Nyimbo, mabango, ripoti za mahakama na matangazo ya biashara ni ushahidi uleule uliowasaidia watafiti wa Kiingereza. Kila mwanafunzi wa lugha anaweza kuanza na neno moja la mtaani kwake, akaandika nani kalisema, wapi, mwaka gani na kwa maana gani, na vyuo vikaziweka kumbukumbu hizo mahali pamoja zipatikane kwa wote. Maneno ya vijana wa leo yatakuwa historia katika miaka 50, na mtunga kamusi wa wakati huo atakuta ama ushahidi uliokusanywa na kizazi hiki, ama hadithi zilizotungwa kuziba pengo. Mhadhara huu unatoa wito wa kuchagua ushahidi, na wa kuanza kuukusanya sasa, wakati waliolizaa neno wangali hai na wanaweza kuulizwa.